Kumfuata Mateka wa Sagan

Ukitoka uwanja wa ndege wa Schiphol kwa treni ya kwenda Leiden, Nieuw-Vennep ni kituo cha pili, na wageni wachache sana hushuka hapo. Hakuna kilima wala kona: mashamba, mifereji na barabara, vyote vimepigwa rula. Zamani palikuwa ziwa. Waholanzi walilikausha kwa pampu za mvuke, wakamaliza mwaka 1852, na mpaka leo anayetembea humo yuko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari, huku ndege za abiria zikimpita juu ya kichwa, magurudumu yakiwa yameshateremshwa.

"Kwa hiyo alianguka hapa, Mjomba?"

"Ndege ndiyo iliyoanguka. Yeye alishuka kwa mwavuli."

Mpwa wangu amezaliwa Berlin. Kiswahili chake amekipata kwa mama yake, yaani dada yangu, na kwa bibi yake wa Tanga kupitia simu, ndiyo maana kina maneno ya kizee ambayo vijana wenzake wa Dar hawayatumii tena. Anasoma historia, na alikuwa na kazi ya chuo kuhusu kambi za mateka wa vita. Nikamtajia Cy Grant. Basi akaamua tufuate njia ile ile aliyopitishwa Grant mwaka 1943, kutoka shamba alilotua hadi kambi alikofungwa, na mwenye kulipia hoteli ni mimi.

Grant alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Beterverwagting, Guyana, wakati huo koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Moravian, ambalo msomaji wa Tabora au Tukuyu hahitaji kuelezwa. Mama yake alifundisha muziki. Kabla ya vita mtu mweusi kama yeye hakuweza kuwa afisa wa jeshi la Uingereza, kwani kanuni zilidai mtu wa asili ya Ulaya tupu. Oktoba 1939 kanuni hiyo iliwekwa kando kwa muda wa vita. Haikuwa huruma. Wanaanga walihitajika kwa wingi, na koloni zilikuwa na vijana waliosoma. Mwaka 1941 Grant akajiunga na RAF, jeshi la anga la Uingereza, akaanza kufunzwa urubani, kisha wakamhamishia kwenye kazi ya kuelekeza njia.

Hiyo kazi ya kuelekeza njia nimeisoma sana, na kila ninavyoisoma ndivyo inavyonitisha. Katika ndege ya mabomu aina ya Lancaster walikaa watu saba: rubani, fundi wa mitambo, mdondosha mabomu, mwendesha redio, wapiga bunduki wawili na mwelekezi wa njia. Huyu wa mwisho alifanya kazi nyuma ya pazia, kwenye meza ndogo yenye taa, ramani, penseli na bikari. Pazia lilikuwa la kuzuia mwanga usitoke nje ukawaita maadui. Kwa hiyo mtu aliyetakiwa kujua kuliko wote ndege iko wapi ndiye ambaye hakuona nje kabisa. Alichukua mwendo, mwelekeo na saa, akakadiria upepo, akaweka nukta kwenye ramani. Baada ya dakika chache akaweka nyingine. Upepo ukigeuka bila yeye kujua, nukta zote zinazofuata ni uongo. Kilikuwepo chombo cha redio kilichoitwa Gee, lakini Wajerumani walikivuruga ndege zilipoingia bara. Kutoka hapo ilikuwa hesabu tupu, gizani, na roho za wenzake sita zikiwa kwenye ncha ya penseli yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 1943, Lancaster namba W4827 ya kikosi cha 103 iliruka kutoka Elsham Wolds, Lincolnshire, kwenda kupiga Gelsenkirchen, mji wa makaa na viwanda katika bonde la Ruhr. Rubani alikuwa Mkanada, Alton Langille. Juu ya Uholanzi ndege ya Kijerumani inayowinda usiku ikawapata. Wawili kati ya wale saba walikufa. Ndege yenyewe iliangukia nyumba ya mkulima hapa Nieuw-Vennep, na mke wa mkulima akafia ndani.

Tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa mfereji tukila mkate na jibini. Mpwa wangu akaacha kutafuna. "Walikuja kuwakomboa, wakamuua mama wa watu."

Nikamwambia kwamba hilo ndilo tatizo la vita ile ya angani, na mimi sijawahi kuliona likitatuliwa na mtu. Mabomu ya RAF ya mwaka 1943 hayakulenga viwanda peke yake. Mkuu wao, Arthur Harris, alikusudia miji mizima: nyumba za wafanyakazi, mabomba ya maji, usingizi wa watu. Mwezi mmoja baada ya Grant kukamatwa, Hamburg iliungua kwa siku kadhaa na watu karibu 40,000 wakafa. Na wale waliotumwa kufanya hayo walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wakifa kwa wingi wa ajabu: kati ya wanaanga wapatao 125,000 wa kikosi cha mabomu cha Uingereza, waliouawa ni 55,573. Ukitaka kuwaita mashujaa una hoja, ukitaka kuwaita kitu kingine pia hoja unayo. Grant alikuwa ndiyo kwanza ameanza safari zake, na kwa bahati iliyofanana na balaa, za kwake ziliishia hapa.

Alitua shambani, akajificha. Mkulima aliyejitokeza kwake akampa chakula, halafu polisi wa Kiholanzi akaja akamchukua na kumkabidhi kwa Wajerumani.

"Msaliti," mpwa wangu akasema.

"Tazama huku na huku," nikamwambia. "Ungemficha wapi?"

Akatazama. Mtu anayekuja kwa baiskeli unamwona kilomita mbili kabla hajafika. Mwanaanga mweupe angevalishwa koti la mkulima, akapewa kofia na jembe, akapitishwa nyumba kwa nyumba mpaka Ubelgiji. Wapo wengi waliookolewa hivyo. Grant angevalishwa nini?

Oberursel, karibu na Frankfurt, hatukukaa sana. Treni ya U3 ina kituo kinachoitwa Camp King, jina la Wamarekani waliolichukua eneo baada ya vita, na ukishuka unakuta mtaa wa makazi wenye bustani na watoto wa baiskeli. Mwaka 1943 hapa palikuwa Dulag Luft, ambapo karibu kila mwanaanga wa Uingereza na Marekani aliyekamatwa alipitishwa ahojiwe. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulimtaka mateka ataje jina na cheo, au namba yake, basi. Wahojaji walikuwa na subira. Mtu aliwekwa peke yake kwenye chumba kidogo. Hita inapandishwa mpaka avue shati, halafu kesho anakuja bwana mpole mwenye sigara na fomu ya Msalaba Mwekundu. Fomu ilikuwa ya kughushi. Pamoja na anwani ya nyumbani iliuliza kikosi, kituo na aina ya ndege, eti jamaa wapate kujulishwa kwamba uko hai.

Grant naye walimpiga picha. Baadaye ilichapishwa katika Völkischer Beobachter, gazeti la chama cha Nazi, na chini yake wakaandika kwamba huyu ni mwanajeshi wa RAF ambaye asili yake haitambuliki. Walitaka wasomaji wacheke: tazameni Waingereza wamefikia kuokota nani. Zaidi ya miaka 60 baadaye Grant aliyachukua maneno hayo hayo akayafanya jina la kitabu chake cha kumbukumbu.

Safari ya Żagań ilianzia Berlin. Treni inakwenda kusini mashariki hadi Cottbus, ambako vibao vya stesheni vimeandikwa pia kwa lugha ya Wasorbi, jamii ndogo ya Kislavi ya huko, halafu Forst, halafu daraja la mto Neisse, na tayari uko Poland. Upande wa pili misonobari inaanza na haimaliziki. Mji huu uliitwa Sagan ulipokuwa Ujerumani. Mwaka 1945 mpaka ukasogezwa, Wajerumani wakaondoka, wakaja Wapoland, nao wengi wao wakiwa wamefukuzwa makwao.

Kambi ilikuwa nje ya mji, msituni, na makumbusho yake yako hapo hapo. Jina lake rasmi lilikuwa Stalag Luft III, nayo ilikuwa mali ya jeshi la anga la Ujerumani, jambo ambalo lina uzito mkubwa na nitalirudia. Ilifunguliwa mwaka 1942. Walichagua mahali hapa kwa sababu ya mchanga. Mpwa wangu alichota udongo kwa ncha ya kiatu: sentimita chache za juu ni kijivu cheusi, sindano za misonobari na vumbi, chini yake mchanga unatoka wa njano iliyopauka, unang'aa mpaka unahisi mtu amewasha taa. Anayechimba hapa hawezi kuficha alichokichimba. Na mchanga wenyewe hausimami, ukiutoboa unajifukia. Zaidi ya hapo, mabanda yaliinuliwa juu ya nguzo ili walinzi waone chini yake, na ardhini kandokando ya uzio vikafukiwa vinasa sauti vya kusikiliza mchimbaji.

Pamoja na hayo yote walichimba. Anayekumbukwa kuwa kiongozi wao ni Roger Bushell, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwanasheria kabla ya kuwa rubani. Alianzisha mahandaki matatu kwa mpigo, Tom, Dick na Harry, kwa hesabu kwamba moja likigunduliwa Wajerumani wataridhika. Tom likagunduliwa Septemba 1943. Harry likaendelea, likianzia chini ya jiko la banda namba 104. Mlango ulikuwa chini ya vigae ambavyo jiko lenyewe lilisimama juu yake, likiwaka moto, nani angeshuku? Shimo likashuka karibu mita tisa ili kuvikwepa vinasa sauti, kisha likalala kuelekea msituni kwa zaidi ya mita 100.

Banda la 104 limejengwa upya kwa mfano wake, na njia ya Harry imewekewa alama ardhini, unaifuata kwa miguu hadi jiwe la kumbukumbu pale walipoibukia juu ya ardhi. Ndani kuna vitanda vya ghorofa. Mpwa wangu akainamia kimoja akahesabu mbao za kulalia godoro. Mbao kama hizo, maelfu yake, ndizo zilizoshikilia kuta na dari la handaki; kila mtu alichangia zake mpaka wengine wakawa wanalala juu ya kamba. Hewa ilipitishwa kwa bomba la makopo ya maziwa ya unga yaliyoungwa moja kwa jingine, na kusukumwa kwa kiriba kilichoshonwa kwa mifuko. Taa zilikuwa za umeme, waya uliibiwa kwa Wajerumani. Mchanga ulitolewa kwa vifuko virefu vilivyofichwa ndani ya suruali: mtu anatembea uwanjani, anavuta uzi mfukoni, mchanga unamwagika miguuni, wenzake wanaukanyaga. Waliofanya kazi hiyo wakatembea miguu ikiwa imeachana mpaka wakabatizwa jina la ndege wa kusini asiyeruka, pengwini.

Kuna mfano wa handaki. Upana na urefu wake ni sentimita 60 hivi. Mpwa wangu akapiga magoti akaingiza kichwa na mabega, akakaa humo kidogo, akarudi nyuma kwa haraka kuliko alivyoingia. Hakusema kitu, akajikung'uta tu magoti.

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1944 ndio walitoka. Walipotoboa juu wakakuta handaki limepungua, shimo limetokea kabla ya miti, karibu na njia ya mlinzi. Ikabidi watumie kamba ya kuvutana kupeana ishara. Halafu ikaja ajali ambayo mtunga riwaya angeona aibu kuiandika. Usiku huo huo RAF ilituma zaidi ya ndege 800 kuipiga Berlin, shambulio lao kubwa la mwisho dhidi ya mji huo. Tahadhari ikatolewa, Sagan ikazimwa umeme, na taa za handaki zikazimika watu wakiwa ndani. Wale wa juu, ambao 72 kati ya ndege zao hazikurudi, wakawazimia taa ndugu zao wa chini bila kujua.

Waliofanikiwa kutoka ni 76 kabla mlinzi hajakaribia kumkanyaga yule wa 77. Wengine walifika stesheni ya mji na kuhangaika gizani wakitafuta mlango wa njia ya chini inayokwenda kwenye majukwaa, treni zikawapita. Tulisimama pale stesheni sisi pia. Watatu ndio waliofika salama, Wanorway wawili na Mholanzi mmoja. 73 walikamatwa. Hitler akaamuru wauawe, na Gestapo, polisi wa siri wa Nazi, wakawapiga risasi 50, mmoja mmoja au wawili wawili kando ya barabara, Bushell akiwa mmojawapo. Taarifa ikaandikwa kwamba walijaribu kutoroka tena. Majivu yao yalirudishwa kambini, na wenzao wakaomba ruhusa wakawajengea kaburi la mawe, ambalo lipo mpaka leo, ingawa majivu yenyewe yalihamishiwa Poznań.

Grant alikuwa mateka wa Sagan wakati huo. Sinema zimewafanya watu waamini kwamba kambi nzima ilikuwa inachimba. Ukweli ni kwamba ilikuwa na sehemu kadhaa zilizotengwa kwa uzio, na wengi hawakuwa na sehemu katika mpango ule. Lakini hata angekuwemo, angetoka aende wapi? Warsha ya kughushi iliweza kila kitu: vibali vilivyochorwa kwa mkono vikafanana na chapa ya taipureta, mihuri iliyochongwa kwenye soli za viatu, blanketi zilizoshonwa zikawa suti. Iliweza kumgeuza Mwingereza akawa fundi wa Kilithuania. Hakuna muhuri ambao ungempitisha Mguyana mweusi kwenye stesheni ya Cottbus.

Uso huo huo uliwahi kumfaa mtu mwingine humo humo. Alexander Jefferson, rubani mweusi wa Kimarekani kutoka kikosi cha Tuskegee, aliletwa Sagan mwaka 1944. Amesimulia jinsi wageni wapya walivyopangwa mstari ili wenyeji wachague wa kuishi nao, na Mzungu mmoja mwenye lafudhi ya majimbo ya kusini, ambako nyumbani asingekaa naye meza moja, akamchagua yeye. Sababu aliielewa baadaye: waliogopa Wajerumani kupenyeza jasusi chumbani, na wakaona mtu mweusi hawezi kuwa jasusi wa Hitler. Mpwa wangu alicheka sana kwa kisa hicho, kicheko cha mtu anayeyajua mambo.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu Uholanzi. "Kwa nini hawakumuua? Wajerumani wale, mtu mweusi, amekuja kuwapiga mabomu. Kwa nini alikaa hapa mwaka na nusu akisoma vitabu?"

Ndiyo, alisoma. Mateka wa Sagan walikuwa na maktaba, masomo, na ukumbi wa maigizo walioujenga wenyewe, viti vikiwa vya masanduku ya Msalaba Mwekundu. Njaa ilikuwepo, hasa vifurushi vilipoadimika mwishoni, na baridi, na kuhesabiwa asubuhi na jioni. Lakini maafisa hawakufanyishwa kazi, kwa kuwa mkataba ulikataza. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, ambaye naye alikuwa mwelekezi wa njia, aliangushwa mwishoni mwa 1943 akafungwa Stalag Luft I huko Barth, akatoka hai, na baadaye akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake.

Jibu langu ni gwanda. Grant alikuwa afisa wa RAF, jina lake liko Geneva kwenye orodha ya Msalaba Mwekundu, na Uingereza ilikuwa na maelfu ya Wajerumani mikononi mwake. Kambi ilikuwa ya jeshi la anga, siyo ya SS, na jeshi la anga la Ujerumani lilijali jinsi marubani wake lenyewe wanavyotunzwa ng'ambo. Rangi haikusahauliwa, gazeti linashuhudia. Ila ngao ilikuwa nzito kuliko chuki. Juni 1940, huko Chasselay, Ufaransa, Wajerumani waliwatenga wanajeshi wa Afrika Magharibi wa jeshi la Ufaransa waliosalimu amri wakawapiga risasi kwa makumi. Nao walikuwa na gwanda, lakini nchi iliyowavisha ilikuwa inaanguka. Na Wasovieti, wengi wao weupe kabisa, Ujerumani ilikataa kuwapa haki za mkataba: zaidi ya milioni tatu walifia mikononi mwake. Baadhi yao walifungwa hapa hapa Sagan, katika kambi ya pili, mwendo mfupi kutoka kwenye ule ukumbi wa maigizo. Makumbusho yanawakumbuka. Watalii wanaulizia Harry.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1945, Warusi wakiwa karibu, kambi nzima ilitolewa nje kwenye theluji, watu wapatao 10,000, wakaanza kutembea kuelekea magharibi. Wengine waliunga mbao za vitanda, zilizobaki, wakatengeneza sleji za kukokotea chakula. Huko Spremberg wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kugawanywa kambi mbalimbali. Sisi tulipita njia karibu na hiyo kwa treni yenye hita, tukinywa chai ya chupa.

Ndani ya treni mpwa wangu alitaka kujua Grant alipata nini baada ya vita. Alisoma sheria London, akaidhinishwa kuwa wakili mwaka 1950, na ofisi za mawakili hazikumpokea. Gwanda lililomkinga kwa Hitler halikumpatia meza London. Akaingia kwenye maigizo na muziki. Mwaka 1957 akawa anaimba habari za siku kwa mahadhi ya kalipso katika kipindi cha BBC kilichoitwa Tonight, mtu mweusi aliyeonekana kila mara kwenye sebule za Waingereza wakati ambapo hali hiyo ilikuwa karibu haijawahi kuonekana. Miaka ya uzeeni aliitumia kukusanya majina ya wanaanga wenzake wa Karibi, mamia yao, kabla hawajasahauliwa. Alifariki Februari 2010.

Oranienburg haikuwa kwenye mpango wa kijana. Niliiongeza mimi. Ni mwisho wa reli ya S1, kaskazini mwa Berlin, na hapo ndipo ilipokuwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Wanne kati ya waliotoroka Sagan waliletwa huku badala ya kupigwa risasi: Harry Day, Johnny Dodge, Sydney Dowse na Bertram James. Waliwekwa sehemu ya pembeni, wakiwa na chakula kilichozidi cha wengine. Septemba 1944 walichimba tena, kwa kisu cha mezani, wakatoka pamoja na komando mmoja. Wote walikamatwa, wakafungwa kwenye seli, wakapona mpaka mwisho wa vita.

Siku hizo hizo, ndani ya uzio mkubwa wa kambi hiyo hiyo, alikuwemo mtu wa Dar es Salaam. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani wakamjua kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na mtoto naye akaingia jeshini Vita vya Kwanza akiwa na miaka kumi. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa, mkoani Lindi, akawa mateka wa Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Wakamwambia amechelewa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu hotelini, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, ya mwisho ikiwa ile ya kumtukuza Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, ambaye kwetu ni Mkono wa Damu. Alioa, akazaa. Mwaka 1941 Gestapo wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakamleta huku bila kesi. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, miezi miwili baada ya wale maafisa wanne kuchimba.

Tulikuwa tumesimama kwenye uwanja wa kuhesabia watu, upepo ukitupiga. Mpwa wangu aliuliza kama alikuwa na gwanda.

"Aliomba mpaka nishani ya askari wa mstari wa mbele. Wakamnyima."

"Na zile hela?"

"Hawakumlipa."

"Yule Mguyana je?"

Nikamweleza kwamba mshahara wa afisa wa RAF uliendelea kuhesabiwa London muda wote akiwa nyuma ya uzio, isipokuwa Waingereza walikata kiasi kufidia hela za kambi ambazo Wajerumani walitakiwa kuwalipa maafisa. Hela hizo kambini hazikuwa na cha kununua, na maafisa wastaafu walikuja kulilalamikia kato hilo kwa miaka mingi.

"Wao waligombania makato," akasema, akaanza kutafuta kwenye simu saa ya treni ya kurudi.